Jani Likioza, Kaa Hushiba

(Mazungumzo na vikundi vya wahitimu wa kisomo, Njombe na Makambako)



Mazungumzo haya tuliyatoa kwanza Njombe, halafu tukayarudia Makambako. Wengi wenu mlituomba tuyaandike gazetini, ili msome wenyewe polepole nyumbani, na wale ambao hawakuwapo nao wapate. Basi tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.

Tulianza na swali. Tuliuliza: Jani likishaanguka chini, kazi yake imekwisha? Karibu watu wote wakajibu: Imekwisha. Ni takataka hiyo, inafagiliwa, inachomwa moto. Mama mmoja tu, aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, akasema, "Haijaisha. Mimi nalitupa shimo la mboji. Mwakani nakula mahindi yake." Tukampigia makofi.

Leo tutakwenda mbali kidogo na shimo la mama yule. Tutakwenda mpaka kwenye tope la pwani, mahali ambapo mto unakutana na bahari. Huko tutaona jinsi jani lililooza linavyolisha wanyama wadogo, na wanyama wale wadogo wanavyolisha wakubwa, mpaka sisi binadamu.

Kabla hatujaendelea, mzee mmoja wa Makambako alitukatiza. Akasema, "Mwalimu, sisi ni watu wa milimani, watu wa baridi. Mambo ya tope la pwani yanatuhusu nini?" Swali zuri sana. Tulimjibu hivi.

Maji yetu yanakwenda wapi?

Mnaujua mto Ruhudji, ambao wengine huuita Luhuji. Unapita hapa kwetu Njombe. Je, unaishia wapi? Unateremka mpaka bonde la Kilombero, unakutana na mito mingine, na yote kwa pamoja inakuwa mto Kilombero. Kilombero nao unakutana na Luwegu, na hapo ndipo unapoanza mto Rufiji. Maji mengine ya mkoa wetu, yale ya upande wa Wanging'ombe, yanateremkia Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu nao unaingia Rufiji.

Kwa hiyo, mzee wetu, tone la mvua lililoanguka kwenye shamba lako la viazi, kama halikunywewa na mmea wala kukauka kwa jua, linakwenda Rufiji. Na Rufiji unaingia bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Pale mwisho mto haumwagiki baharini kwa njia moja. Unagawanyika vijito vingi, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mahali kama hapo panaitwa delta. Katikati ya vijito hivyo kuna tope, na juu ya tope kuna msitu wa mikoko. Msitu huo una ukubwa wa karibu hekta 50,000, yaani zaidi ya ekari 120,000. Ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliwekwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Bahari inayovuta pumzi

Sisi tuliozaliwa milimani tumezoea maji yanayokwenda upande mmoja tu, kuteremka. Kule ni tofauti. Bahari hujaa na kupwa, mara mbili kwa siku. Maji yanapojaa, yanaingia msituni na kufunika tope na mizizi. Baada ya saa sita hivi yanapwa, na tope linabaki wazi. Halafu yanajaa tena. Ni kama kifua cha mtu anayevuta pumzi na kuitoa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kufika ndani kabisa ya msitu. Wakati wa maji mafu hupanda kidogo tu.

Katika mahali kama hapo miti mingi ingekufa. Chumvi ni nyingi na tope halina hewa. Ukilichimba linanuka yai bovu. Lakini miti ya jamii ya mikoko imejaliwa. Mkoko wenyewe una mizizi mirefu iliyosimama nje kama miguu ya buibui. Mchu una mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli, nayo ni ya kupumulia. Wapo pia mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Kila mmoja una mahali pake.

Miti hii hudondosha majani mwaka mzima. Hekta moja ya msitu wa mikoko hudondosha tani kadhaa za majani, maua na vijiti kwa mwaka. Hizo ni tani zikiwa zimekaushwa. Sasa fikirini. Hakuna mtu wa kufagia kule. Hakuna anayechoma. Lakini ukienda hukuti mlima wa majani. Yamekwenda wapi?

Maji yanapopwa huchukua baadhi. Mengine yanafukiwa na tope na kukaa humo miaka mingi. Yaliyobaki yanaliwa. Lakini hayaliwi kama mbuzi anavyokula majani, kwa sababu jani la mkoko halifai hivyo. Tueleze kwa nini.

Jani gumu kama kiatu

Watu wa Njombe mnaijua miwati. Shamba kubwa la miwati lilianzishwa hapa kwetu mwaka 1949. Magome yake yanatoa kitu kinachoitwa tanini, kinachotumika kulainisha na kuhifadhi ngozi ili isioze. Sasa tanini hiyo hiyo imo pia katika mikoko. Ndiyo sababu wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa Ulaya kutengenezea ngozi. Kumbe watu wa Njombe na watu wa Rufiji wameuza kitu kimoja kutoka miti miwili tofauti!

Tanini ni chungu na inakausha mdomo. Inazuia kuoza. Zaidi ya hayo, kabla mti haujaangusha jani, hulinyonya kwanza. Hurudisha shinani sehemu ya chakula kizuri kilichomo, hasa naitrojeni, ambayo ndiyo ya kujenga protini. Jani linalobaki ni la manjano, lina nyuzinyuzi nyingi, tanini, na protini kidogo mno. Mnyama mdogo akilila kama lilivyo atajaza tumbo tu, mwili haupati kitu.

Hapo ndipo kuoza kunapofanya kazi. Wengi tunadhani kuoza ni kuharibika. Kwa jani la mkoko, kuoza ndiko kupikwa kwake.

Jinsi jani linavyopikwa

Kwanza, jani linavuja. Likishaanguka majini, sukari na chumvichumvi zilizomo hutoka. Tanini nayo hupungua. Mnajua jinsi majani ya chai yanavyofanya ndani ya maji ya moto: rangi inatoka, utamu unatoka, na makapi yanabaki. Ndivyo hivyo, ila kule ni polepole, kwa siku na majuma. Maji ya vijito vya mikoko mara nyingi yana rangi kama ya chai.

Pili, wanakuja wapishi wenyewe. Hawa hatuwaoni kwa macho. Ni kuvu na bakteria. Mama anayepika togwa anawajua, hata kama hajui majina yao. Anaweka kimea, anaacha, kesho yake togwa limebadilika. Si yeye aliyelibadilisha, ni vijidudu vidogo vilivyofanya kazi usiku. Kule kwenye tope kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya jani na kulilainisha. Bakteria hujibandika juu yake kwa mamilioni. Vijidudu hivi huchukua naitrojeni kutoka katika maji na kujijengea miili yao. Kwa hiyo kadiri jani linavyooza na kukatika vipande vidogo, ndivyo protini katika kila kipande inavyokuwa nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Hapo Njombe kijana mmoja aliuliza, "Sasa huyo mnyama anakula jani au anakula vijidudu?" Tukamjibu kwa mfano wa mezani kwetu. Jani ni ugali. Vijidudu ni maharage juu ya ugali. Ugali peke yake unashibisha, lakini haujengi mwili. Maharage ndiyo yanayojenga. Mnyama mdogo humeza vyote pamoja. Maharage anayayeyusha tumboni, na sehemu kubwa ya ugali inatoka tena kama kinyesi.

Kinyesi hicho nacho hakipotei. Kinaangukia tope, vijidudu vinakivamia upya, "maharage" yanawekwa tena juu ya "ugali" ule ule, na mnyama mwingine anakula. Jambo hili hurudiwa mara nyingi, mpaka nyuzinyuzi zote zimekwisha. Jani moja linaandaliwa mezani mara nyingi.

Majani hayaozi sawa. Jani la mchu ni jembamba na lina tanini kidogo, huoza mapema. Jani la mkoko na la mkandaa huchelewa. Jani lililolowa huoza haraka kuliko lile lililo mahali pakavu. Hayo nyie wakulima mnayajua kutokana na mashimo ya mboji.

Wanyama wenyewe ni akina nani?

Tuwataje sasa hao wanaokaa mezani.

Wa kwanza ni kaa. Hawa ni kaa wadogo wekundu na weusi wanaochimba mashimo kwenye tope. Maji yakipwa, wanatoka, wanakamata majani yaliyoanguka na kuyaburuta mpaka mashimoni. Mengine wanakula, mengine yanabaki humo na kuoza. Kazi yao ni kubwa kuliko miili yao. Kwanza, wanazuia majani yasichukuliwe yote na maji. Pili, wanayakata vipande vidogo, na vijidudu hupata mahali pengi pa kushika. Tatu, mashimo yao yanaingiza hewa na maji ndani ya tope, nayo mizizi ya miti inanufaika. Kaa ni mkulima mwenye jembe lake.

Wa pili ni tondo, ambao wengine huwaita suka. Hawa ni konokono wenye gamba refu lililochongoka. Wadogo hula tope lenye uozo na mimea midogo. Wakubwa hula majani yenyewe. Katika pwani ya Kenya wataalamu waliona kuwa tondo hutambua kwa harufu mahali jani lilipo. Mmoja akianza kulitafuna, wenzake wanavuta harufu hiyo na kumfuata, mpaka jani moja linazungukwa na kundi zima.

Wa tatu ni wale wadogo kabisa, minyoo na vijikamba vya kuonekana kwa hadubini tu. Katika mita moja ya mraba ya tope la mikoko wanaweza kuwa zaidi ya milioni moja. Ndiyo, milioni! Hawa wanakula bakteria na chembe za uozo. Ndio daraja kati ya jani na mnyama wa kuonekana kwa macho.

Halafu wanakuja uduvi na kamba. Kamba huzaliwa nje, baharini. Watoto wake, wakiwa wadogo kama uzi, huingia na maji yanayojaa mpaka ndani ya vijito vya mikoko. Hukaa humo miezi michache wakila chembe za uozo, mimea midogo na vile vinyama vidogo. Mizizi ya mikoko inawaficha wasiliwe. Wakishakua wanatoka tena baharini. Samaki kama mkizi nao wanachota tope na kuchuja chakula. Nyuma yao wanafuata samaki wala samaki, kaa wakubwa wa mikokoni, ndege, na mwisho mvuvi na nyavu zake.

Kwa hiyo mtu wa Kibiti anayeuza kamba apate karo ya mtoto anauza jani la mkoko lililooza, ila yeye haambiwi.

Jambo ambalo wataalamu walirekebisha

Ndugu wanakisomo, elimu haina mwisho, hata kwa wataalamu. Tuwaeleze jambo moja walilolirekebisha wao kwa wao.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wachunguzi wa Marekani, wakiwamo William Odum na Eric Heald huko Florida, walionyesha kuwa majani ya mikoko yaliyooza ni chakula cha wanyama wengi wa milango ya mito. Kabla ya hapo watu wengi waliona mikoko ni kichaka cha mbu tu. Uchunguzi huo ulibadili mawazo. Wengine wakaenda mbele zaidi, wakasema jani la mkoko linalisha bahari nzima.

Baadaye ikapatikana njia ya kupima. Kaboni iliyo ndani ya jani la mkoko ina alama yake, na kaboni ya mimea ya baharini ina alama nyingine. Ukipima nyama ya kamba unaweza kukadiria alikuwa akila nini. Ni kama kutambua ng'ombe kwa chapa. Vipimo vya namna hii vilifanywa sehemu nyingi za dunia, na hata hapa karibu, katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Matokeo yalikuwa haya: uozo wa mikoko hauendi mbali sana. Sehemu kubwa inatumika ndani ya msitu wenyewe na katika nyasi za bahari zilizo jirani. Wanyama wengi wa nje zaidi wanategemea hasa mimea midogo ya majini.

Je, hii inapunguza thamani ya mikoko? Hapana. Inatufundisha jambo zito zaidi. Kama chakula cha jani kinaliwa karibu na mti wake, basi ukikata msitu wa kijiji chako, msitu wa kijiji kingine hautakulishia kaa wako. Anayekata pake, njaa inaanza kwake.

Kuna nini hatarini?

Tuzungumze sasa bila kufichana. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Hata hivyo inakatwa. Inakatwa kwa boriti na fito za kujengea, kwa kuni na mkaa, na kwa majiko ya kupikia chumvi. Upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, sehemu kubwa imefyekwa ili kulima mpunga.

Tusiwahukumu haraka wanaolima. Mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kula hotuba. Mpunga kwake ni chakula cha mwaka huu. Lakini tuhesabu pamoja, kama tulivyojifunza kuhesabu darasani. Msitu ukifyekwa, majani hayadondoki tena. Mwaka wa kwanza tope bado lina akiba, na mkulima anavuna. Baada ya miaka kadhaa magugu na chumvi vinaingia, mavuno yanapungua, na shamba linaachwa. Mkulima anahamia kufyeka pengine. Nyuma yake amebakiza tope lisilo na kivuli, lisilo na majani, lenye kaa wachache. Kamba wadogo wakija na maji hawakuti maficho wala meza. Hasara hiyo haionekani siku ya kufyeka. Inaonekana miaka baadaye, mvuvi anaporudi na nyavu tupu, na hakuna anayekumbuka panga lilipita lini.

Sisi wa juu je, tumo? Tumo. Delta imejengwa na tope lililoletwa na mto kwa maelfu ya miaka. Mikoko inahitaji maji matamu kutoka juu yachanganyike na ya chumvi. Mwaka 2022, mwezi wa Desemba, lilianza kujazwa maji bwawa la Julius Nyerere, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme. Umeme tunauhitaji sote, na tunaufurahia. Lakini bwawa lolote huzuia sehemu kubwa ya tope linalobebwa na mto. Kwa sababu hiyo mikoko iliyopo chini ina thamani zaidi sasa kuliko zamani, maana mizizi yake ndiyo inayoshika tope lililokwisha kufika. Na udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba yetu ya miteremko utakwenda kulala ndani ya bwawa. Pwani haitaupata, na sisi hatutaurudisha.

Tufanye nini huku kwetu?

Hatuwezi kwenda Rufiji kulinda mikoko. Lakini somo la jani tunaweza kulitumia hapa hapa, leo.

La kwanza, tuache kuchoma mabua na majani shambani. Kila mwaka, kabla ya mvua, moshi unafuka kila kilima. Huo ni ugali wa udongo unaopanda hewani. Udongo wetu nao una kaa wake: minyoo, mchwa, majongoo, kuvu na bakteria. Ukichoma majani, unawanyima chakula. Na moto huo ukitoroka unakuwa moto kichaa, unakula misitu ya kijiji kizima.

La pili, tutengeneze mboji kwa akili ile ile tuliyojifunza. Mabua makavu ni kama jani la mkoko: nyuzinyuzi nyingi, naitrojeni kidogo. Yakiwa peke yake yanachelewa kuoza. Changanya na samadi au majani mabichi ya maharage, ili vijidudu vipate cha kujengea miili. Katakata mabua, kama kaa anavyokata majani. Weka unyevu, usilowanishe mno. Geuza mara kwa mara, hewa iingie.

La tatu, tuhifadhi kingo za mito. Tunajua vinyungu vinatulisha wakati wa kiangazi, na hatusemi viachwe vyote. Tunasema tusilime mpaka mdomoni mwa mto. Miti na matete ya asili yaliyo kando ya maji hudondosha majani, na majani hayo hulisha mabuu ya wadudu, kaa wa mtoni na samaki wa kwetu, kama kule pwani.

Jaribio la kikundi

Msikubali maneno yetu bure. Jaribuni wenyewe. Chukueni mifuko mitatu ya wavu, ile ya kuwekea vitunguu. Katika mfuko wa kwanza tieni majani 20 ya mlingoti yaliyoanguka. Katika wa pili, majani 20 ya mti wa asili wa kando ya mto. Katika wa tatu, majani 20 ya maharage. Fungeni kila mfuko kwa jiwe, mzamishe kijitoni, mbali na mahali pa kuchota maji ya kunywa. Baada ya majuma mawili fungueni, mtazame, mrudishe. Baada ya majuma manne tazameni tena. Andikeni katika daftari: Majani gani yamelainika kwanza? Yana matundu? Kuna wadudu wangapi? Mkimaliza, naweni mikono kwa sabuni.

Huko Njombe tulizungusha mkononi jani moja jeusi lililotolewa kijitoni. Lilikuwa limebaki mishipa tu, kama wavu. Juu yake wadudu wawili wadogo walikuwa bado wanatembea. Mzee mmoja alilishika muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe hili ni jungu la mtu." Hatukuwa na la kuongeza.

Wazazi wetu walikaa katika vikundi kama hivi kuzunguka redio, wakasikiliza Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Walisikiliza, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kulima bustani. Nasi tufanye hivyo. Tukimaliza kusoma, gazeti tulikunje, tuchukue jembe, tuchimbe shimo la mboji.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini jani la mkoko haliwi chakula kizuri mpaka lioze?
2. Kaa wanaisaidiaje miti ya mikoko?
3. Mto wa kijiji chenu unaingia mto gani, na mwisho unafika wapi? Chorani ramani yake.
4. Katika kijiji chenu, majani na mabua mengi yanakwenda wapi: motoni, kwa mifugo, au shimoni?
5. Mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba wote wana watoto wa kulisha. Kama nyie mngekuwa wazee wa kijiji hicho, mngeamua nini?